Mfungo wa Mayai ya Kuchemsha

Matinyani mtu mzima hakimbii bure. Ukimwona mwanamke wa makamo anatimka barabarani asubuhi, ujue ama nyoka ameingia nyumbani, ama ng'ombe amekata kamba, ama kuna msiba. Ndiyo maana siku ya kwanza Kalekye alipotoka mbio, kavaa trakisuti ya mwanawe Mutie na sketi juu yake kwa ajili ya heshima, majirani walimfuata na majembe. Walimkuta kwenye kona ya shule akihema, mikono kiunoni, na nyoka hakuna. Alipowaambia anafanya mazoezi, walimtazama weee, kisha wakarudi shambani bila kuaga.

Kalekye hakuwa na wazimu. Daktari wa zahanati alikuwa amemdunga kidole, akasoma kimashine chake, akamwambia, "Mama, sukari haijaingia, lakini iko mlangoni inabisha hodi. Ukiifungulia, shauri yako." Akamwagiza apunguze uzito, atembee kila siku, aachane na sukari, mandazi na soda, ale mboga, ndengu na mayai kwa kiasi, halafu arudi kupimwa tena.

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama yake mzazi aliuawa na sukari, na haikumwua kwa pigo moja. Alikufa kwa vipande: kwanza kidole cha mguu, kisha wayo, kisha mguu hadi goti. Kalekye ndiye aliyekuwa akimwosha, na kila akimwosha alikuta mama amepungua. Aliuogopa ugonjwa ule kuliko alivyomwogopa Shetani, ingawa kanisani asingethubutu kusema hivyo.

Basi akashika maagizo, na mambo yakaenda vizuri. Sketi zikaanza kumlegea, ngazi za kanisa akawa anazipanda huku akiongea. Ndipo mama mkwe wake, Syokau, ambaye kijiji kizima kilimwita mwaitu, yaani mama, akaanguka.

Kilikuwa kiharusi. Kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, kikampinda mdomo upande mmoja, kikauacha ulimi mzima kabisa. Watu wakasema hata ugonjwa una woga wake. Hospitalini Kitui wakagundua pia kwamba bibi huyo alikuwa akiishi na sukari kwa miaka bila kujua, au bila kutaka kujua. Walipomruhusu, walisema dawa zisikosekane, sukari asiionje, na kila siku asaidiwe kusimama na kupiga hatua moja moja, la sivyo mguu ungesahau kazi yake. Kyule, mume wa Kalekye, alimchukua mamake akamleta kwa mkewe Matinyani, akalala siku mbili, kisha akarudi kazini kwake, mjini Wote, akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi kubwa.

Wageni wakaanza kumiminika. Na mgonjwa haendewi mikono mitupu. Huendewa na sukari. Kila aliyekuja kumpa pole Syokau, aliyeangushwa na sukari, alikuja na pakiti ya sukari chini ya kwapa, na mkate, na chupa ya soda ya rangi ya machungwa. Walimwekea pale kwenye meza ndogo kando ya kitanda chake, sebuleni, karibu na dirisha. Syokau alizitazama pakiti zile kwa jicho la mwindaji. Kalekye akawa anashukuru, anasubiri mgeni atoke, kisha anazihamisha.

Siku ya tatu walikuja kina mama wa kanisa. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wao, Muthoki, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto na moyo mkubwa kuliko hiyo sauti. Waliingia jikoni bila kuuliza, wakawasha moto, wakapika chai nzito na chapati za mafuta. Muthoki mwenyewe akamletea Kalekye kikombe na sahani.

"Kunywa, Mama Mutie. Umekonda mpaka watu wanauliza ni nani mgonjwa."

"Asante, Mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu tuingie hujaweka kitu kwa mdomo." Muthoki akashika kiuno. "Ama ni ile maneno yako ya kukimbia kimbia? Mwaitu amelala pale hawezi kuinua mkono, na wewe unataka kurudi msichana?"

Wenzake wakacheka kwa pua. Kalekye akahisi masikio yanachomeka. Alikuwa na neno moja tu la kumwokoa, nalo ni "sitaki", lakini neno hilo hakuwahi kumwambia mtu aliyeshika sahani. Kwao, ukimwambia mtu hutaki chakula chake, umemwambia humtaki yeye. Kikombe kilikuwa kinafuka moshi mbele ya pua yake, na macho ya kanisa zima yalikuwa juu yake.

"Nimefunga," akasema.

Sauti ya Muthoki ikapasua paa. "Bwana asifiwe! Anafunga kwa ajili ya mama mkwe! Mumeona hiyo, nyinyi? Nani hapa ashawahi kufungia mama mkwe wake?" Wengi wao walikuwa wamewaombea mama wakwe zao mambo mengine. "Na ni mpaka lini, Mama Mutie?"

Mwongo hana muda wa kufikiri. "Mpaka mwaitu asimame."

Kutoka kitandani, Syokau aligeuza shingo polepole akamtazama mke wa mwanawe.

Kwa siku chache Kalekye alidhani amelamba asali, kama angekuwa anaruhusiwa kulamba asali. Hakuna aliyemsukumia chapati tena. Isitoshe, Muthoki aliamua kwamba mfungo usio na maombi ni njaa tu, hivyo kina mama wakawa wanakusanyika asubuhi, wanakizunguka kijiji kwa miguu wakiimba na kukemea magonjwa, kupanda na kushuka vilima. Kalekye alitembea mbele kabisa, jasho likimtoka, akasifiwa kwa bidii yake. Mazoezi yale yale yaliyomfanya aonekane kichaa, sasa yalimfanya aonekane mtakatifu.

Muthoki naye akaingia kwenye mfungo ili kumtia nguvu. Yeye alifunga kweli: maji tu hadi jua litue, na yeye ndiye mwanamke ambaye zamani hakuweza kumaliza mahubiri bila andazi. Alipopita na gauni limekazwa kwa pini, Kalekye alitazama chini. Dhamiri ilimsuta, tena si kidogo.

Shida ni kwamba daktari hakumwambia ashinde njaa. Alimwambia ale vizuri, kidogo kidogo, na mtakatifu hawezi kuonekana akila vizuri. Basi Kalekye akageuka mwizi wa chakula chake mwenyewe. Alikula ndengu ndani ya ghala, mlango umefungwa. Alikula sukuma amesimama nyuma ya banda la kuku. Siku za soko alienda Kabati, ambako alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba, akaingia kwa mlango wa nyuma kwenye hoteli ya rafiki yake Sauda. Pakiti za sukari za mgonjwa alizipeleka huko huko, ndani ya gunia la mitumba, na Sauda akawa anampa mayai badala yake.

"Sisi tukifunga hata mate tunayaogopa," Sauda alimwambia akimfungia mayai kwenye gazeti. "Nyinyi dini yenu nzuri, dada. Mnafunga na mayai kwa mfuko."

"Sauda, tafadhali, usinichekeshe. Njaa inaniuma."

Za mwizi ni arobaini, lakini za mwizi mwenye mama mkwe hazifiki. Mchana mmoja Kalekye alikuwa ameinama nyuma ya tangi la maji akimenya yai, akiamini ukuta umemficha. Tangi lilimficha kwa watu wa barabarani. Kwa dirisha la sebuleni halikumficha hata kidogo.

Alipoingia ndani akijipangusa mdomo, Syokau alikuwa ameketi kwenye mito yake, macho maangavu.

"Mama Mutie."

"Ii, mwaitu."

"Huyo Mungu wako, mayai anapenda ya kuchemsha ama ya kukaanga?"

Kalekye alisimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Syokau akampigia mto wa kando yake kwa mkono mzima, aje akae.

"Sina haja ya kukuaibisha," akasema kwa upole ambao Kalekye hakuwahi kuusikia katika ndoa yake yote. "Mimi ni mzazi wako. Wewe utakula mayai yako, na mimi nitanyamaza. Unipikie tu chai. Ya maziwa, sukari vijiko vinne, kwa kile kikombe kikubwa. Asubuhi na jioni."

"Mwaitu, daktari alisema—"

"Daktari yuko Kitui. Jumapili niko kanisa. Pasta amesema nibebwe niende kuombewa, na wewe upewe maiki useme vile umefunga. Na mimi nitaomba hiyo maiki. Ulimi wangu haujalala."

Kalekye alijaribu ujanja. Alipika chai yenye mdalasini, akaikoleza maziwa, akaileta kwa tabasamu. Syokau alionja, akairudisha. "Hii ni maji ya kuosha sufuria." Alijaribu kumsihi. Alijaribu pia kumsaidia asimame, maana akisimama mfungo ungeisha na mambo yote yangeisha nao. Syokau akalegea mwili mzima kama gunia la mahindi, akasema mguu umekataa. Kila mgeni aliyekuja alimhimiza, "Mwaitu, simama, huyu mtoto wako ale." Naye alijibu kwa unyonge, "Ningeweza, ningesimama jana," huku jicho moja likimtafuta Kalekye.

Jumamosi alasiri Syokau aliacha mchezo. Alitazama nje, na aliposema, sauti yake haikuwa na hila.

"Mimi nimezeeka. Mkono huu hautanilimia tena. Sasa hata chai nife bila kuonja? Kwani ninaishi ya nini, kumeza vidonge?"

Maneno hayo yalimwingia Kalekye kuliko vitisho vyote. Alikwenda jikoni. Pakiti ya sukari iliyoletwa asubuhi ilikuwa bado kwenye meza ya jikoni, hajaihamisha. Aliipasua, akachota kijiko, akakishika juu ya kikombe. Akafikiri: vijiko vinne, nani atajua? Mwaitu atafurahi, kanisa litanyamaza, na mimi nitaendelea na mambo yangu. Punje kadhaa zikamwagika mezani. Akakumbuka beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa, na mahali ambapo mguu wa mama yake ulikuwa unaishia. Alirudisha kijiko pakitini, akalia kwa hasira, akampelekea mama mkwe wake chai isiyo na kitu.

Syokau alionja. "Basi," akasema. "Tutaonana kanisa."

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Syokau alibebwa kwa pikapu ya jirani, akawekwa mbele kwenye kiti cha plastiki, shuka mpya magotini, kilemba kimefungwa vizuri. Pasta alihubiri juu ya mfungo. Alitaja jina la Kalekye mara nyingi mno. Kisha akamwita.

Kalekye alichukua maiki. Aliona Muthoki mstari wa kwanza, mashavu yamebonyea, akimtabasamia kwa upendo mtupu. Aliona pia mkono wa kushoto wa Syokau umeshaanza kupanda juu, kama wa mtoto anayejua jibu darasani. Akasema haraka kabla mkono haujafika.

"Sikufunga."

Spika ililia piii. Pasta akacheka kidogo, akidhani ni utangulizi.

"Sikufunga hata siku moja. Nimekula mayai. Nimekula ndengu kwa ghala. Kabati nimekula samaki kwa Sauda, mzima, na kichwa." Akawageukia kina mama. "Niliwadanganya kwa sababu niliona haya kukataa chapati yenu. Sukari inanitafuta. Ilimmaliza mama yangu kipande kwa kipande, mimi nikimwosha, na sitaki Mutie aje kuniosha hivyo. Na mwaitu huyu pia imemwangusha, na kila mtu hapa alimletea sukari. Mimi ni muongo, sikatai. Mama Muthoki, kwako wewe sijui nitasema nini."

Muthoki alisimama. Pini ya gauni ikafyatuka. "Mimi nimelala njaa!" akapaza sauti, na maiki hakuihitaji. "Kalekye! Nimelala njaa wewe ukikula samaki?"

Kanisa likavuma kama mzinga. Pasta alifungua Biblia, akaifunga. Katikati ya vurugu hiyo Syokau aliinuka, akampokonya Kalekye maiki, akawageukia watu.

"Nyamazeni! Huyu ni muongo, nimejua kitambo. Nilimwona kwa dirisha. Nikamwambia, nipe sukari ninyamaze. Akakataa. Nikamwambia, nitakuaibisha mbele ya watu. Akakataa. Leo ameona heri ajiaibishe mwenyewe, bora asinipe hicho kijiko." Akamtupia Kalekye jicho. "Nilikuja hapa na maneno yangu tayari, nimeyapanga vizuri. Sasa ameyamaliza yote. Mimi niseme nini?"

Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Watu wote walikuwa wanatazama miguu yake.

"Aiya!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mwaitu amesimama!"

Syokau alijitazama, akaketi haraka, lakini alikuwa amechelewa. Ngoma zilishapigwa, vigelegele vilishapanda, na Muthoki, hasira imemtoka upesi kama ilivyomshika, alikuwa akirukaruka na gauni lake limelegea, akilia kwamba njaa yake haikuwa ya bure. Na nani angembishia? Katika kanisa lile ni yeye peke yake aliyekuwa amefunga.

Kalekye hakupiga kigelegele. Alikuwa amekaa na mguu ule kwa majuma, na aliona jinsi ulivyokanyaga: imara, bila kuuliza njia. Alisubiri hadi wafike nyumbani na jirani aondoe pikapu yake.

"Mwaitu, huo mguu haujaanza kusimama leo."

Syokau alishughulika na pindo la shuka. "Ulianza ulipoanza kuniacha ukienda Kabati."

"Na wewe ulikuwa ukienda wapi?"

"Kutafuta sukari yangu!" Bibi akainua kichwa kwa hasira ya haki. "Watu wanaleta, naona kwa macho, halafu inapotea. Siku ya kwanza nilishika meza nikafika jikoni. Siku ingine nikafika stoo. Nimeingiza mkono kwa pipa ya ndengu, nimeangalia chini ya kitanda yako, nimepanda ile ngazi ya ghala. Nimezunguka hii boma kama askari. Uliipeleka wapi?"

"Kwa Sauda. Alinipa mayai."

Mdomo wa Syokau uliopinda upande mmoja ukaanza kutetemeka, na cheko likamtoka, kubwa, la msichana. Kalekye naye akacheka, akajishika mbavu, akaketi chini sakafuni. Walicheka hadi machozi yakawatoka, na cheko lilipokwisha machozi ya Kalekye hayakukoma.

"Sasa unalia nini?"

"Nilidhani nitakuosha, mwaitu. Kama nilivyomwosha mama."

Syokau aliunyoosha mkono wake mzima, akamgusa kichwani, akauacha pale.

"Mayai yalinunuliwa na sukari yangu," akasema baadaye, "kwa hivyo mayai ni yangu. Kesho chemsha yangu na yako. Na siku ingine ukitaka kukataa chakula ya watu, kataa tu. Usitume Mungu."

Jumanne walikwenda zahanati wote wawili, wakadungwa vidole. Sukari ya Kalekye ilikuwa imeshuka, imeondoka mlangoni. Ya Syokau ilikuwa bado juu lakini imepungua, na alimbishia daktari kwa muda kwamba kimashine kinampendelea mke wa mwanawe.

Jumatano Muthoki akaja. Hakuwa ametokea tangu kanisani, na hakuja na sukari. Alikuja na soda, moja ya kwake na moja ya Kalekye, zote ameshazifungua kwa meno pale mlangoni, kwa sababu soda iliyofunguliwa haikataliwi na mtu mwenye adabu. Aliketi, akapangusa mdomo wa chupa kwa leso, akamnyooshea.

"Haya, Mama Mutie. Tumalize hiyo maneno. Nimekusamehe."

Kalekye aliitazama chupa, akamtazama rafiki yake. Kitandani Syokau aliacha kutafuna yai lake.

"Asante kwa kunisamehe, Mama," Kalekye akasema. "Lakini soda sitaki."

Muthoki alibaki mkono hewani, akingoja sababu ifuate. Haikufuata.